Bibi wa Darajani

Mimi si mtu wa maneno mengi, na sauti yangu ni ndogo. Mteja akiniletea redio namsikiliza mpaka amalize, kisha namwambia arudi kesho. Ufundi nilijifunza mwenyewe, kwa kufungua vitu vilivyokufa na kuandika kwenye daftari kila nilichokiona ndani. Mzungu mmoja wa shirika la wakimbizi alipomaliza mkataba wake kambini Nyarugusu, akaniachia kitabu kinene cha mchezo na mfuko wa dadu, nilikifungua kitabu vilevile. Nilikaa nacho miezi minne, kamusi pembeni.

Mchezo wenyewe ni wa kujifanya. Mnakaa mezani, kila mmoja anaandika mtu wake kwenye karatasi: jina, nguvu zake, anachokiogopa, anachokitafuta. Mmoja wenu hana mtu wake. Yeye ndiye kiongozi; anasimulia safari, na anakuwa watu wote wanaokutana nao njiani. Penye mashaka, dadu inaamua.

Mwaka 2013 tulicheza kila Jumapili mchana hapa Kasulu, chumba cha nyuma cha duka la vitenge la Shamsi. Tulikuwa wanne, na hakuna aliyecheza kama mwenzake. Shamsi alijiita mwindaji, lakini mwindaji huyo aliomba kupunguziwa bei hata na majambazi. Melkiadi, aliyekuwa anasomea ualimu, alicheza kwa hesabu. Alijua askari wake anahitaji ngapi kwenye dadu kabla hajainua mkono. Yasmini, muuza dawa wa duka la jirani, alizama kabisa. Mganga wake alipofiwa na mbwa, Yasmini alitoka nje kujifuta machozi, akarudi akasema, "Mnanitazama nini? Endeleeni."

Kiongozi nilikuwa mimi, na nilikuwa nawachosha. Mfalme wangu, jambazi wangu na muuza chumvi wangu wote walikuwa na sauti moja, yangu.

"Fundi," Shamsi aliniambia, "hili joka lako linaongea kama linaniambia redio haijawa tayari."

Kitabu kilishauri kila mtu apewe alama moja, ya sauti au ya mkono, ili wachezaji wamtambue. Nikachukua daftari, nikaanza kutazama watu sokoni. Ndivyo nilivyomchukua Mama Venanti.

Jina lake ni Ntirampeba, na alikuwa akiuza mawese karibu na kibanda changu. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, yeye ni raia, ana shamba na wajukuu. Alisalimia kama wazee wa huku wanavyosalimia, bila haraka. Alikunja magoti kidogo, akapiga makofi ya taratibu, akatamka salamu ya Kiha, "Mwakeye, mwakeye," kisha akauliza habari za nyumbani, za shamba, za watoto, mmoja mmoja. Akifika kwangu alimaliza kwa swali moja: "Na mguu wa mama?" Mama yangu ana kidonda cha mguu cha miaka mingi. Sokoni pale hakuna mwingine aliyekikumbuka.

Jumapili iliyofuata wasafiri wetu walifika mtoni. Nikasema kuna daraja, na kuna bibi anayelilinda. Nikasimama, nikakunja magoti, nikapiga makofi.

"Mwakeye, mwakeye. Nyumbani hawajambo? Na shamba? Na mbuzi? Na yule mbuzi mwingine?"

"Bibi, tunafukuzwa!" Yasmini akalia.

"Poleni. Na mguu wa mama?"

Shamsi alianguka kutoka kwenye kiti. Melkiadi, ambaye hacheki, aliweka dadu chini akashika tumbo. Nilimrudia kila mmoja wao na mguu wa mama yake, na kila mara walicheka zaidi. Sikuwa nimewahi kuchekesha watu maishani. Jumapili tatu mfululizo niliwatafutia sababu ya kupita kwenye daraja lile.

Shamsi hakuweza kuuacha mzaha ule chumba cha nyuma. Aliwaigizia wateja, wateja wakawapelekea vijana wa bodaboda. Mwezi haukuisha, nikasikia kijana anapita sokoni na pikipiki akimpigia kelele Mama Venanti, "Bi Mwakeye! Na mguu wa mama?" Mwingine akaongeza, "Fungua daraja, bibi! Daraja la kwenu liko Manyovu, mpakani, nenda kalifungue!" Watu wakacheka. Mwaka ule haukuwa mwaka wa kumtania mtu kwa mpaka. Watu walikuwa wanaulizwa walikotoka, wengine wakirudishwa Burundi, na si kwa utani.

Niliinamisha kichwa kwenye redio niliyokuwa naifungua.

Jioni ile Mama Venanti alikuja kibandani. Hakupiga makofi.

"Mwanangu Khatibu, wewe hukai na watu wa maneno. Niambie. Hili jambo la daraja limeanzia wapi? Mimi sina daraja."

"Sijui, mama," nikasema. "Vijana tu hao."

Nilikunja uso kidogo nilipokuwa nasema, nikatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia jambo kwa mara ya kwanza. Nilifanya vizuri mno. Hata mbele ya wenzangu sikuwahi kumwigiza mtu yeyote vizuri vile.

"Haya," akasema. "Mungu akubariki kwa kunisikiliza."

Tangu siku ile alisalimia wateja kwa neno moja. "Habari." Basi. Anapima mawese, anapokea pesa, anageukia mwingine.

Jumapili Melkiadi alichelewa. Aliingia akakaa bila kutoa karatasi ya mtu wake.

"Mama Venanti amekataa kuniuzia," alisema. "Mbele za watu. Anasema wanafunzi ndio tulioanza, na mimi aliwahi kuniona nikicheka."

"Ukamwambiaje?" Yasmini akauliza.

"Nimemwambia si mimi. Akaniuliza ni nani, nikanyamaza." Alinitazama, si kwa hasira. "Fundi, mimi nitafundisha watoto wa mji huu. Sitaki jina hilo."

"Tulicheka wote," Shamsi akasema.

"Tulicheka. Lakini si sisi tuliomwigiza."

Nikafunga kitabu. Hatukucheza.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwenye meza yake kabla sijafungua kibanda. Nikampa shikamoo. Akaitikia.

"Mama, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliyeanza. Si Melkiadi. Tuna mchezo, tunajifanya watu. Nilijifanya wewe. Na ulipokuja kuniuliza, nilikuwa najua."

Alipangusa mdomo wa chupa kwa kitambaa, kisha chupa nyingine. Nilitamani apige kelele.

"Unajifanyaje mimi?" akauliza. "Nionyeshe."

"Mama, hapana."

"Watu wameonyeshwa mji mzima. Mimi bado."

Nikasimama pale kati ya meza. Nikakunja magoti, nikapiga makofi, nikasema mwakeye, nikauliza nyumbani, shamba, mbuzi. Muuza dagaa wa meza ya pili aliacha kupanga mafungu yake. Hakucheka. Nikamaliza na swali la mguu wa mama.

"Na hao wenzako," Mama Venanti akasema, "wakisalimiwa, wanaitikia?"

Nikafikiri. Wiki tatu zile, sikukumbuka hata mmoja wao kuitikia.

"Hawaitikii, mama. Wanacheka."

"Basi huyo si mimi. Mimi husubiri jibu." Alisogeza kigoda kwa mguu. "Kaa hapo."

"Nina kazi kiban—"

"Kaa."

Nikakaa. Hakunitukana, wala hakusema amenisamehe, na sikuthubutu kuuliza. Wateja walikuja. "Habari," aliwaambia. "Habari." Kila mmoja niliyemfahamu alinitazama, akataka kujua fundi redio anafanya nini kwenye mawese. Nilikuwa nimemsikiliza mama huyu wiki nzima kwa ajili ya daftari. Sasa nilimsikiliza akisema neno moja tu.

Karibu na saa sita akaja bibi mmoja kutoka kijijini, ndoo kichwani. Aliishusha, akakunja magoti, akaanza kupiga makofi.

Mama Venanti aliinua mikono yake ikasimama hewani. Akageuka kunitazama kwanza, kama mtu anayechungulia kama njia ni salama. Kisha akaitikia, makofi yake madogo sana, kwa sauti ya chini nisiyoweza kuisikia.