Kitambaa cha Mama Mkwe

Kompyuta ya duka langu la uchapaji ilikufa Jumatano asubuhi, nikiwa katikati ya kuchapa mitihani ya shule za kata yetu hapa Chamwino. Ilitoa harufu ya mpira ulioungua, ikazima. Mwalimu Bartolomayo, anayeniletea mitihani hiyo, alikwisha kuniambia waziwazi: mitihani isipokuwa mezani kwake Ijumaa, kazi inahamia kwa Hashimu wa ng'ambo ya barabara, na hairudi. Kazi ya shule ndiyo inayolisha nyumba yangu. Kutoa kopi za vitambulisho ni hela ya chumvi tu.

Alhamisi nikaipakata kwenye basi hadi Dodoma mjini. Fundi wa kwanza hakuifungua hata kifuniko.

"Mazabodi, ile bodi kuu, imekwenda, kaka. Badilisha, weka na ramu mpya na hadi diski, uwe na amani."

Akataja laki tatu. Mfukoni nilikuwa na elfu sitini.

"Hujaigusa! Daktari gani anaandika dawa mgonjwa yuko mlangoni?"

Akacheka. Mtu akinicheka nikiwa na hasira ananiongezea nyingine. Nikabeba kompyuta yangu, nikamwachia maneno ambayo siyaandiki.

Fundi wa pili alikuwa dada mmoja, Shamila. Huyu aliifungua, akachomeka pawasaplai yake ya majaribio, kile kisanduku cha kuingiza umeme, na skrini ikawaka. Bodi nzima, diski nzima, mitihani yangu imo. Kilichoungua ni pawasaplai peke yake. Laki tatu! Nilitamani kurudi kule nikamtemee yule mtu mate.

Shamila akaniwekea mbili mezani, bei moja: mpya yenye vibandiko vya kung'aa, na kuukuu iliyotolewa kwenye kompyuta ya ofisi. Nikazipima mkononi. Ile mpya nyepesi kama kopo tupu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikachukua kuukuu, chenji ikatosha na feni mpya, maana ya zamani ilikuwa imekwama.

Halafu akavuta kitu kutoka kwenye feni ya zamani. Nyuzi za waridi, zimeshikamana na vumbi jekundu.

"Kaka, huwa unaifunika ikiwa inawaka?"

Mimi? Nyuzi zile nilizijua. Mama mkwe wangu, Mama Sidonia, yuko kwetu tangu mavuno, ametoka Kongwa. Mchana hukaa nami dukani akifuma vitambaa. Redio kaivalisha, mtungi wa gesi kauvalisha, na kompyuta, ambayo siizimi mpaka jioni kwa sababu kuwaka kwake ni safari, kaivalisha hadi chini. Kitambaa kile kilinikera kila siku. Lakini kwetu mwanamume hamkemei mama mkwe, hata machoni hamtazami. Neno lako hupitia kwa mkeo, na mke wangu Emiliana nilipomwambia alijibu, "Mwambie mwenyewe. Mimi mama yangu nampenda." Kitambaa kikabaki.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nachemka. Nikaingia dukani, nikafunga pawasaplai na feni kwenye kompyuta, nikaiwasha. Ikawaka. Nikageuka, na Mama Sidonia alikuwa kwenye kigoda chake, ameshika kitambaa kipya, kikubwa kuliko cha kwanza.

Emiliana hakuwepo. Tulikuwa wawili na kompyuta. Nikalikazia macho lile dude la chuma.

"We kompyuta! Ukivalishwa tena, kataa! Umeungua kwa joto, nusura nikose kazi. Wewe si bibi harusi!"

Sindano ikasimama. Mama Sidonia naye akaielekea kompyuta, sauti yake kali kuliko yangu.

"We kompyuta, mwambie baba yako nilikukuta unakula vumbi, nikakuonea huruma. Mlango wake hauna hata pazia la kuzuia vumbi. Angesema siku ya kwanza, ningekitoa siku ya kwanza. Au mimi nauma? Nimekaa humu miezi na mtu anayeninunia, naambiwa ni heshima!"

Akainuka. Akapanda juu ya kigoda, akakitundika kitambaa kipya mlangoni kwenye misumari miwili, akakivuta mpaka kikanyooka. Nilitaka kumshikia kigoda asianguke, nikaogopa. Kisha nikamshikia.

Hasira bado nilikuwa nayo, ila sikujua tena niielekeze kwa nani. Nikaanza kuchapa. Karatasi ya kwanza ilipotoka nikaikung'uta, kama ninavyokung'uta kila karatasi katika duka hili. Haikutoa vumbi.