Mtani Aliyekuja Kurithi

Sisi Wapare tumesemwa mengi, na mengine ni kweli. Wanasema tunaweza kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Basi kama kuna mtu aliyezaliwa kuthibitisha maneno hayo ni Mama Yudith wa Mamba, mjane na mkulima wa tangawizi. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoka nje kwanza ahakikishe.

Tumbo lilimsumbua tangu Pasaka. Kila akila chenye mafuta, maumivu yalimshika chini ya mbavu za kulia yakapanda hadi begani. Mwenyewe akasema ni vidonda vya tumbo, akajitibu kwa tangawizi yake. Siku alipoanza kutapika na homa ikampanda, mwanawe Sifael hakumuuliza tena. Alimpakia kwenye gari la jirani, wakateremka mlima mpaka hospitali, Same mjini.

Na bahati nayo ilikuwa upande wake. Wiki ile walikuwepo madaktari bingwa wa upasuaji, wageni wa muda, Ijumaa wanaondoka. Mmoja wao, Daktari Sharifa, alimpima kwa mashine ya picha, kisha akavuta kiti akaketi karibu naye.

"Mama, mfuko wako wa nyongo umejaa mawe, na umeanza kufanya usaha. Ukipasuka humo ndani tutakukosa. Tuutoe kesho."

"Sikatwi," akasema Mama Yudith.

Sababu hakuitaja. Zamani, katika hospitali nyingine ya mbali, mumewe Hezroni aliingizwa chumba cha upasuaji utumbo ukiwa umejisokota, akatolewa amefunikwa shuka hadi usoni. Tangu siku ile mama huyu aliogopa kisu kuliko kifo chenyewe, ila hakumwambia mtu. Mpare hakiri kwamba anaogopa. Hubisha.

Sifael alimsihi mpaka akaishiwa maneno. Mchungaji akapiga simu, akaomba naye. Jibu likawa lile lile. Na mwana amfanye nini mama yake? Kumlazimisha ni kukosa adabu, na kumwambia atakufa ni kama kumwapiza. Sifael akabaki ameinama kando ya kitanda.

Hapo ndipo alipoingia Eliufoo, nesi wa wodi ile, Mchagga wa Machame. Mchagga na Mpare ni watani tangu enzi za mababu, na mtani ana ruhusa ambayo mtoto wa kuzaa hana. Hata msibani huja akawachekesha wafiwa, akabeba vyombo vya marehemu mpaka apewe kitu, na hakuna wa kukasirika.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba."

"Nasikia unatutoka. Nimeona niwahi kurithi kabla wanao hawajanipiga kikumbo." Akakivuta kitenge cha kijani cha Mama Yudith kilichokuwa miguuni pa kitanda, akajipima nacho mabegani. "Hiki kitampendeza mama yangu. Ile tangawizi nitaing'oa yote nipande migomba, watu wale chakula. Na msibani vipi, mtatupa makande, au safari hii mtajikakamua mpike wali?"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Mama Yudith naye akacheka huku ameshika ubavu, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yale hayakuisha kicheko kilipoisha.

"Shamba langu lipandwe migomba, tena na Mchagga?" akasema akijifuta. "Bora nipasuliwe."

"Haya, kapasuliwe, unikoseshe urithi."

Mama Yudith akamshika mkono Eliufoo, akamvuta karibu. "Mwanangu, mume wangu aliingia huko, hakutoka. Naogopa."

Sifael aliinua kichwa. Hakuwahi kumsikia mama yake akilisema neno hilo.

Eliufoo hakutania tena. "Mama, siwezi kukuahidi lililo la Mungu. Ila nitakuwemo mle ndani, nimekushika hivi hivi mpaka usingizi ukuchukue. Kitenge nakaa nacho mimi. Ukiamka utakuja kukidai, na Mpare akidai chake najua hashindwi."

Mama Yudith akaomba kalamu, akatia sahihi.

Alipofumbua macho baada ya upasuaji, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa rangi ya kijani. Kitenge chake kilikuwa kimemfunika, lakini kimeishia kifuani. Daktari Sharifa akamwambia, "Tumeuwahi, mama. Ulikuwa karibu kupasuka." Mama Yudith akalia tena, safari hii kwa shukrani tupu, wala hakujificha.

Kidonda kilipopona alirudi Same kuonwa kliniki. Njia nzima ya kuteremka mlima alikuwa akijiuliza atashukuru vipi, maana mtani hashukuriwi kwa maneno ya kanisani. Akamkuta Eliufoo mlangoni pa wodi, akamtupia mfuko wa tangawizi.

"Shika. Si ulitaka kuing'oa? Nimekung'olea."

Kisha akatoa kitenge, kimefuliwa, kimekunjwa vizuri. "Na hiki mpelekee mama yako. Ulikwisha kurithi, sitaki kesi."

Eliufoo akakipokea. "Nikamwambie nini, mama?"

"Mwambie mwenye nguo yuko hai," akasema Mama Yudith, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili. "Na mwambie namshukuru kwa kukuzaa."