Alama Kwenye Boneti

Ndimu nne za kuliombea heri gari jipya zilipasuka chini ya magurudumu na hakuna aliyezisikia. Injini ilikuwa imewaka, na injini ile ilipowaka mbwa wa mtaa wa Ngoingwa walinyamaza kwanza, ndipo wakaanza kubweka. Rajiv alikaa nyuma ya usukani akiwatazama majirani waliosimama langoni, kila mmoja na kipande cha penda mkononi, ile halua ya maziwa aliyoipika mkewe Khushboo tangu alfajiri. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na asubuhi hiyo alijivuna bila kujificha.

Na kwa nini asijivune? Lilikuwa gari la Kijerumani, la milango minne, silinda nane, na rangi ya kijivu iliyozimwa makusudi isimetemete hata kidogo. Mji wa Thika ulikuwa na matajiri wengi kumshinda, lakini wengi wao walijificha ndani ya magari marefu meupe yanayofanana. Yeye alikuwa ameingia katika kiwanda cha sare cha baba yake akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, akawapima watoto wa shule viuno na mabega mpaka akaufahamu ukubwa wa kila darasa kwa kutazama tu. Hakuwahi kujinunulia kitu cha anasa. Hiki kilikuwa cha kwanza, na alikuwa amekingoja kwa miaka mingi.

Kilibaki kitu kimoja tu, nacho ni baba yake. Mzee Manubhai, mwenye miaka themanini na mmoja, ndiye aliyeanzisha kiwanda kile kwa kuuza vitambaa nyuma ya pikapu, akizipanda barabara za Kandara na Gatundu zikiwa tope tupu. Tangu gari hili lilipofika hakuwa ametamka neno juu yake, wala zuri wala baya. Rajiv alitaka baba yake aketi ndani, atazame huku na huku, kisha aseme lolote atakalosema. Ndiyo maana alimwomba alibariki, kama mzee alivyoyabariki magari yote ya nyumba hiyo.

Manubhai alikuja na kibakuli cha kanku, ule unga mwekundu wa ibada. Alichovya kidole, akainama, akaanza kuchora sathiyo kwenye boneti, ile alama ya heri yenye mikono minne. Kidole hakikuharakisha. Rajiv alishuka kuja kutazama, na hapo ndipo alipoiona kanku iking'aa. Mzee alikuwa ameikoroga kwa mafuta badala ya maji.

Kwenye gari la kawaida hilo si neno. Utafuta kwa kitambaa ukitaka. Lakini rangi iliyozimwa hunywa mafuta. Rajiv alichomoa leso akasugua mkono mmoja wa alama ile kwa nguvu zake zote, wekundu ukatapakaa, na majirani wakaacha kutafuna.

"Bapuji, hii si pikapu yako ya kubebea vitambaa," alimwambia baba yake.

Hakupaza sauti, na kila mtu alimsikia. Manubhai alikipangusa kidole chake taratibu, akamkabidhi mkwewe kibakuli, akaingia ndani.

Siku zilizofuata Rajiv aliyaonja matamu yote ya gari lile. Mabawabu wa benki walimpigia saluti kabla hajafika. Kwenye barabara kuu aligusa mafuta kidogo tu na malori yote yakabaki nyuma. Aliyaonja na machungu pia. Kila tuta la Ngoingwa lilimkwaruzia tumbo la gari mpaka akajifunza kuyapita kwa upande kama kaa. Kituo cha petroli kilimjua kuliko hekalu lilivyomjua. Wauza mananasi wa kando ya barabara, waliomwona akija, walipandisha bei kabla hajateremsha kioo. Haya yote aliyachukulia kwa kicheko. Asichoweza kukicheka ni kwamba baba yake alimsalimia vizuri kila asubuhi, akamuuliza habari za kiwanda, wala asilitazame gari.

Alhamisi ilikuwa siku ya mzee kwenda kliniki ya macho. Rajiv alitoka kazini mapema, akalipangusa gari, akalileta mlangoni. Manubhai alikuwa amekwisha kuondoka. Alikuwa amempigia simu Mwas, kijana wa bodaboda, naye akampakia mbele ya macho ya mtaa mzima, koti la suti likipepea, kofia ya chuma ikiwa imemzidi kichwa. Ngendo, jirani wa pili, alimsimulia Rajiv jambo hilo kwa upole mwingi, na upole ule ulimuumiza kuliko masengenyo. Aliona aibu mpaka masikio yakamchoma.

Jumapili hiyo alitarajiwa kwenye msafara wa wenye magari ya kasi, ambao ungekutania Ruiru. Hakutaka wenzake waione boneti ile. Ijumaa akalipeleka gari Gitothua, kwa Tahir, fundi wa rangi ambaye wenye magari ya maana walimfuata kutoka hata Nairobi. Tahir alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye majivuno yake mwenyewe kuhusu kazi yake. Aliizunguka boneti mara mbili, akainama, akaitazama kwa upande ili mwanga umsaidie.

Alimweleza Rajiv kwamba rangi ya namna hii haipigwi polishi; ni kukwangua boneti yote na kuipaka upya, siku mbili, na haitajulikana kama iliwahi kuguswa. Kisha akaweka kidole juu ya ule mkono wa alama uliotapakaa.

"Haya mafuta si shida sana, boss. Yameingia, yametulia. Shida iko hapa. Ona vile panang'aa? Hapa mtu alisugua. Nani alisugua?"

Rajiv alisema ni yeye.

Tahir alitabasamu. Alisema anaijua alama hii. Miaka mingi iliyopita mzee mmoja Mhindi wa Thika alimletea pikapu iliyogongwa, akamwamuru aipake rangi yote ila pale kwenye boneti.

"Nikamwambia, mzee, hiyo doa itaharibu kazi yangu. Akaniambia anaweka mafuta makusudi, ndiyo mvua isitoe. Ati kijana wake ndiye anaendesha hiyo gari kupeleka mali Kandara, na barabara ni mbaya."

Rajiv alikuwa ndiye kijana huyo. Aliiendesha pikapu ile miaka sita, akiionea haya ile alama nyekundu kila alipoegesha mbele ya shule za wasichana. Alisimama pale karakana, funguo mkononi. Mwishowe akamwambia Tahir asiguse chochote.

Alimkuta baba yake barazani, gazeti mapajani.

"Bapuji, nimetoka kwa fundi wa rangi. Nilikuvunjia heshima mbele ya watu. Nimekosa."

Manubhai alilikunja gazeti mara mbili. "Fundi amesema itachukua siku ngapi?"

"Mbili. Nimemwambia aache."

"Wenzako watakucheka Jumapili."

"Wacheke."

Mzee aliinuka akaenda kuvaa koti lake la suti. Kuingia garini kulimchukua muda, kwani kiti kilikuwa chini na magoti yake yalikuwa na ubishi. Alinung'unika kwamba mtu anatoa fedha zote hizi kisha anaingia kama anayeteremka kisimani. Rajiv alimfunga mkanda. Walipofika barabara kuu alishindwa kujizuia, akakanyaga mafuta, gari likanguruma na kuruka, na baba yake akabanwa kitini, macho yamemtoka, mkono umeshika mlango. Kisha akaashiria kwa kidole warudi mjini.

Mzee alimwelekeza mpaka kwenye mtaa wa maduka, ule ambao wauza vitambaa wenzake wa zamani walikuwa bado wameketi milangoni na vikombe vyao vya chai.

"Polepole," alisema.

Rajiv alipunguza.

"Polepole zaidi."

"Nimekuogopesha kule, Bapuji?"

"Hukuniogopesha. Nataka wanione."

Akateremsha kioo, akatoa kiwiko nje, akakaa wima. Nyuma yao lori lilianza kupiga honi. Rajiv, mwenye nguvu za farasi mia sita chini ya wayo wake, aliendesha kwa mwendo wa msukuma mkokoteni, na hakuna siku aliyowahi kuliendesha gari lile vizuri namna hiyo.