Maji Chini ya Petroli

Jumamosi, tarehe 14 Julai 1956, saa moja kasorobo asubuhi, nyasi za uwanja wa ndege wa Mbeya zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Mbingu ilikuwa safi, pasipo wingu hata moja, na upepo mwembamba ulishuka kutoka mlima Loleza ukikata masikio. Asukile alisimama kando ya ndege aliyoihangaikia kwa miezi minne, mikono nyuma, koti limefungwa vifungo vyote, akimsubiri rubani.

Ilikuwa ndege ya mafunzo ya kijeshi, ya pangaboi moja na viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Wakati wa vita ilikuwa huko kusini, katika nchi ndogo iliyofundisha marubani wa Mwingereza, na Asukile, askari wa karakana asiyetimiza bado miaka ishirini, ndiye aliyezisafisha plagi zake na kuyapaka grisi magurudumu yake. Sasa jeshi la anga la nchi hiyo lilikuwa limepata ndege za jeti, na hizi za zamani zikastaafishwa na kuuzwa kama ng'ombe waliokauka maziwa. Moja ilinunuliwa na mlowezi wa chai wa Mufindi. Ikiwa njiani kwenda kwake ilitua Mbeya inatema oili, mguu mmoja umepinda, ikaachwa ukingoni mwa uwanja inyeshewe na mvua za Machi. Asukile, ambaye sasa alikuwa mtunza petroli wa uwanja huo, aliisogelea kwa udadisi tu. Alipoinua kifuniko cha injini alizikuta herufi mbili alizozikwangua kwa msumari mwaka 1943. Zilikuwa zake mwenyewe.

Kazi ya kuifufua aliletewa na Philbert, karani wa yule mlowezi, na Philbert hakuwa mtu baki. Walisoma pamoja shule ya bweni kule nyanda za Iringa, Asukile akitoka Tukuyu na Philbert akitoka Kalenga. Mwaka wa pili wa vita mablanketi yaliadimika, wavulana wakagawiwa moja kwa wawili. Dhiki ile ilizaa desturi ambayo haikuandikwa katika kanuni yoyote ya walimu: walioshiriki blanketi hawadanganyani, si bwenini, si maishani. Aliyeivunja aliitwa mwenye baridi, na jina hilo lilimfuata hadi siku ya harusi yake. Asukile alipopata homa ya mapafu, Philbert alimwachia blanketi lote usiku kumi na tisa, mwenyewe akijifunika gunia la mahindi. Asukile hakulisahau jambo hilo. Hakuwa mtu wa kusahau deni.

Kwa hiyo Philbert alipomwambia kwamba fundi atakayeitengeneza ndege hiyo hadi iruke tena atapelekwa Nairobi kufanyia mtihani wa leseni, kwa ushahidi wa kitabu cha kazi, Asukile hakuomba karatasi wala shahidi. Hakuwa amewahi kumsikia Mwafrika mwenye leseni ya namna hiyo, na aliitamani kama mtu atamanivyo kurudishiwa jina lake. Kila Jumamosi ya pili Philbert alifika na lori, akashusha vipuri, akamtania kuwa Mnyakyusa mla ndizi asiyejua kula chakula cha wanaume, kisha akachukua daftari ambamo Asukile aliandika kila alichokifanya, ili akainakili kazi hiyo Iringa katika kitabu rasmi kwa mwandiko wa karani. Asukile alimweleza mengi katika ziara hizo. Alimweleza hata ile sheria ya kusini, kwamba fundi aliyetia sahihi hukaa kiti cha nyuma siku ndege inaporuka mara ya kwanza. Philbert alicheka sana, akasema vita vilikuwa na hadithi tamu.

Gari lilifika saa moja na nusu. Aliyeteremka kwanza alikuwa Kapteni Renshaw, mzee mwenye masharubu yaliyoingia mvi, aliyewahi kuwa mkufunzi wa marubani katika nchi ile ile ya kusini. Nyuma yake alikuja Philbert, suti ya kijivu, viatu vinang'aa, kitabu kikiwa kwapani.

"Kamwene, ndugu yangu," Philbert alimsalimu kwa Kihehe, bila kumtazama usoni.

Rubani alikifungua kitabu juu ya bawa. Asukile alisogea kwa heshima akasoma pamoja naye. Maneno yote yalikuwa yake: mguu wa kushoto umenyooshwa, silinda ya nne imebadilishwa, mipira ya oili imefungwa upya. Alizifahamu hata siku alizokuwa na kidole kilichopasuka. Lakini chini ya kila mstari, kuanzia Machi hadi Julai, fundi alikuwa Philbert. Mstari wa mwisho ulikuwa ukaguzi wa asubuhi ya leo, na sahihi yake ilikuwa imetiwa jana, Iringa.

Asukile alimwambia rubani kwa Kiingereza cha shuleni, taratibu, neno baada ya neno, kwamba kazi hiyo ni yake. Rubani akamgeukia karani.

"Huyu ni msaidizi wangu," Philbert alisema. "Alikuwa akinipa spana."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi, na hilo ndilo lililomuumiza Asukile kupita tusi.

Kapteni Renshaw aliitazama mikono ya wote wawili. Hakuwa mjinga, aliona ni ipi iliyokuwa na mafuta meusi chini ya kucha. Hata hivyo alikohoa, akaeleza kwamba nakala ya kitabu ilikwisha kutumwa Nairobi siku ya Jumatatu, na kwamba si kazi yake kuingia kati ya mlowezi na karani wake. Asukile akajibu kwamba kama ni hivyo, basi yeye Asukile akae kiti cha nyuma, kwa kuwa anaiamini injini ile. Philbert alidakia haraka kwamba hilo ni wazo jema. Rubani akatikisa kichwa.

"Anayekaa nyuma ni mwenye sahihi. Hiyo ni sheria, na sahihi ni ya karani." Akaenda kando kuwasha kiko chake.

Philbert alibaki ameduwaa. Maishani mwake sahihi ilikuwa wino tu. Hakuwahi kuiona ikimdai mtu kupanda mahali. Alimshika Asukile mkono akamvuta nyuma ya mapipa ya petroli, na huko suti ile yote ikaonekana kubwa mwilini mwake.

Alijitetea kwa maneno mengi. Ana watoto wanne. Mlowezi hawezi kumpeleka Nairobi Mnyakyusa asiyemjua. Yeye akishakuwa na leseni atamwajiri Asukile, watakula pamoja. Asukile alimsikiliza hadi mwisho, kwa kuwa walifundishwa kutomkatiza mtu.

"Mwambie mzungu injini ina kasoro," Philbert alinong'ona. "Atakusikiliza. Iahirishwe leo tu."

"Haina kasoro."

"Najua haina. Sema tu."

"Nisingizie kazi yangu?"

"Asu, mimi nilikupa blanketi. Usiku kumi na tisa. Nilikohoa mwaka mzima kwa ajili yako. Unanidai nini leo? Wewe ndiwe unayedaiwa."

Lilikuwa kweli, na Philbert hakuwahi kulitaja katika miaka kumi na mitano. Lakini kulikuwa na jambo ambalo Philbert hakulijua, na kutolijua kwake kulikuwa ushahidi tosha wa nani aliitengeneza ndege. Katika usiku wa baridi kama ule wa jana, jasho la chuma hutiririka ndani ya matangi, na maji, yakiwa mazito, hukaa chini ya petroli. Kila asubuhi fundi hufungua koki ndogo chini ya bawa akayamwaga. Kitabu kilisema yamemwagwa. Asukile hakuwa ameigusa koki. Kwa sheria aliyolelewa nayo, hakuna mkono unaoigusa ndege kabla kitabu hakijafunguliwa, na kilipofunguliwa alikuta ndege si yake tena. Rubani aliamini sahihi. Ndege ingeondoka vizuri, ingepanda, na pengine injini ingekatika juu ya mabonde, mbele ya Loleza.

Angeweza kunyamaza. Alisimama pale akiupima ukimya huo, na ulikuwa na uzito wa kutosha kumtisha.

"Sitasema uongo juu ya injini," alisema hatimaye. "Na kiti utakaa. Njoo."

Alitwaa chupa ya kioo ya jamu iliyokuwa juu ya pipa, akapiga goti kwenye umande chini ya bawa la kushoto, akafungua koki. Kisha bawa la kulia. Hakufunga hadi ilipotoka petroli tupu. Rubani alikuwa ameondoa kiko mdomoni, akitazama.

Asukile aliinua chupa penye jua. Juu ilikaa petroli, chini maji, vidole vinne, yametengana waziwazi. Akampa Philbert aishike kwa mikono yote miwili.

"Hayo ndiyo yangekuua leo," alisema. "Usiku wako kumi na tisa umo humo. Nimekulipa, hunidai."

Philbert alifungua mdomo, labda kushukuru, labda kuomba radhi.

"Panda, mwenye baridi," Asukile alisema. "Kapteni anangoja."

Alimfunga mikanda mwenyewe, akaikaza sawasawa, akashuka kutoka bawani. Ndege iliruka na kuukata upepo wa Loleza, injini ikinguruma bila kukwama hata mara moja. Asukile aliisikiliza mpaka ilipokuwa mlio mwembamba, kisha akachukua spana zake, zake peke yake, akazifunga ndani ya nusu ya blanketi kuukuu la bwenini, akarudi kwenye mapipa ya petroli. Hakuwa na deni kwa mtu yeyote.