Hapana ya Swali la Nne

Fomu ya kamati ya zabuni za jeshi ina maswali sita, na la nne halimshindi hata mlevi: Je, una undugu na mzabuni yeyote? Niliandika Hapana, nikatia saini, nikaenda zangu kupima mahema.

Nilijua fika kwamba hema namba tatu limeshonwa kwenye karakana ya kaka, mtoto wa baba mkubwa, aliyenichukua nikiwa na miaka saba akanilea mpaka nikavaa tai. Nikajipa uwakili: hatukuzaliwa tumbo moja, na sheria haina habari na baba wakubwa. Uongo mtupu. Kiti cha kamati kilikuwa kitamu, na mjumbe mwenye ndugu kwenye zabuni hutolewa siku hiyo hiyo.

Kinachoniuma zaidi, hema lile halikunihitaji. Tulilimwagia maji saa nzima, ndani pakabaki pakavu. Mengine yote yalivuja.

Juzi mkaguzi wa ununuzi, mama asiyejua utani, alituita kamati nzima pamoja na kaka ukumbini, hema likiwa limetandazwa sakafuni. Alishika fomu mbili: yangu, na ya kaka. Kaka alikuwa ameandika, "Ninaye mdogo wangu ndani ya kamati."

"Mmoja wenu amekosea," mkaguzi alimwambia kaka. "Mzee, kama kosa ni lako, rekebisha sasa hivi, zabuni yako iendelee. Lakini kama mjumbe huyu ni ndugu yako na ameficha, kanuni inaifuta, hata kama wewe hukuficha."

Mafundi ishirini na wawili wa kaka walikuwa wanaisubiri kazi ile. Nami, Mungu anisamehe, niliomba moyoni anikane.

Kaka alivua miwani, akanitazama. Nikatazama viatu vyangu.

"Sijakosea, mama. Huyu ni mdogo wangu. Nimemwogesha kwa mikono hii."

Mjumbe mmoja alicheka. Mkaguzi akagonga mhuri wa kufuta. Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka moto.

Kaka akainama kukusanya hema lake. Ni kubwa, halikunjwi na mtu mmoja. Wenzangu walisimama tu, hakuna aliyesogea.

"Shika huko, mdogo wangu," akasema. "Vuta, linyooke."

Nikashika. Kila tulipolikunja tulizidi kukaribiana, na sikuweza kuinua uso.