Pistoni za Kisima cha Fadhli

Injini ya kisima ilizimika siku ya Jumatano asubuhi, asumini zikiwa zimeanza kutoa maua ya kiangazi. Nadhira alikuwa jikoni anakanda unga. Aliisikia ikikohoa, ikagonga kama sufuria inayopigwa nyundo, halafu kukawa kimya. Aliuacha unga ukimganda vidoleni akakimbilia chumbani kwa mumewe.

Fadhli alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto wa kulalia. Macho yamemtoka, mkono wake mzima unapapasa hewa.

"Sawa," alisema. "Sawa, sawa, sawa!"

Hilo ndilo neno pekee lililombakia. Tangu apigwe na kiharusi mwezi wa Shaabani, upande wake wa kulia ulikuwa umekufa na maneno yote yalikuwa yamemhama isipokuwa hilo. Akishikwa na kiu, sawa. Akitaka kugeuzwa, sawa. Akiukataa uji mzito wa asida hubana midomo, na ukimlazimisha anafoka: sawa! Daktari wa Aden alikuwa amemweleza Nadhira kwamba akili haijapotea. Anasikia na anaelewa, ila njia ya kutolea maneno imeziba. Hata kichwa kilimsaliti. Mara nyingine kilitikisika kukubali wakati moyo wake unakataa.

"Nimesikia, baba," Nadhira alimwambia, akimfuta jasho. "Nimesikia. Nitamwita Muqbil."

Ile injini hakuna aliyeijua ila Fadhli. Ilikuwa injini ya lori kubwa la zamani, ambayo yeye mwenyewe aliinunua chakavu, akaifunga juu ya zege kando ya kisima na kuifufua. Kila ilipougua aliitibu peke yake, mlango wa kibanda umefungwa, hataki mtu amsemeshe. Sasa mashamba ya majirani wote wa upande ule wa Lahij yalikunywa kwayo, na jua la msimu ule halikuwa la mchezo. Asumini ikikosa maji, maua hujikunja kabla hayajafunguka, na soko la mashada halina habari na udhuru wa mtu.

Muqbil alikuja baada ya adhuhuri, shavu moja limetuna mirungi. Alikuwa fundi wa malori mjini Hauta na rafiki wa Fadhli wa miaka mingi, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Alifungua kichwa cha injini, akachungulia, akaingiza kidole.

"Mama Ashraf, njoo utazame," alisema hatimaye. "Pistoni hii imetoboka kabisa, na slivu yake, ile ala inamopanda na kushuka, imechanika. Hizi nyingine zinasubiri zamu. Tukibadilisha moja tu ni kazi bure. Inataka seti nzima: pistoni, ringi, pini na slivu zake."

"Zipo?"

"Tutazitafuta Aden, soko la Sheikh Othman. Kama hazipo huko, basi tukazitafute mbinguni."

Walizipata kwa Basalma, muuza vipuri mwenye duka refu lenye giza, ambaye hakuwa anainuka kitini ila kwa sababu kubwa. Safari hii aliinuka. Aliweka mezani pistoni mbili, moja kutoka katika kila seti kati ya mbili alizokuwa nazo.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema. "Ina boksi lake, jina lake, na namba ya injini yenu mnaiona hapa. Hii ya pili ni yatima. Ilikuja kwenye kontena pamoja na vyuma vingine, haina baba wala mama. Lakini wekeni ya kwenu hapa kati muone."

Muqbil aliiweka ile ya zamani katikati. Yatima alilingana nayo kama pacha. Ile ya boksi ilizidi urefu kidogo, labda unene wa ukucha.

"Mbona imezidi?" Nadhira aliuliza.

"Ya kwenu imelika. Miaka yote hiyo inakula moto." Muqbil aliisogeza karibu na taa, akaigeuza. "Ila kulika huku... pande zote sawasawa namna hii? Hata mimi sijui niseme nini. Mwenye jibu ndiye yule aliyelala."

"Si tuchukue inayolingana?"

Badala ya kumjibu, Muqbil alichukua ringi moja ya yatima, akaivuta kidogo kwa vidole. Ikakatika kama biskuti.

"Haya!" Basalma alidakia. "Mimi nauza, siapi. Yatima akikufia ndani ya wiki, usije kunililia hapa, dada yangu. Ukichukua hii ya boksi isikubali, basi injini yako ndiyo yenye makosa."

Nadhira aliwatazama wale wanaume wawili, na wao wakamtazama yeye. Tangu aolewe hakuwahi kuulizwa chochote kuhusu injini ile zaidi ya kama amesikia ikibadilisha sauti. Aliomba wapewe pistoni moja moja wakamwonyeshe mwenyewe.

"Chukueni," alisema Basalma. "Niachieni Muqbil awe rehani, ingawa sijui nitamuuzia nani."

"Hata bure hawanichukui," alijibu Muqbil. "Mke wangu alishajaribu."

Fadhli alipoviona vile vyuma viwili juu ya shuka, uso wake ulibadilika. Kwa mara ya kwanza tangu Shaabani, Nadhira alimwona mumewe yule aliyemzoea: nyusi zimekutana, mdomo umekaza, mtu aliye kazini. Muqbil aliinama karibu naye.

"Abu Ashraf, nisikilize. Hii yatima inalingana na ya kwako, lakini ringi zake ni uchafu. Hii nyingine ndiyo halisi, imezidi kidogo juu. Tufunge ipi?"

Fadhli aliupeleka mkono wa kushoto kwenye ile halisi. Aliipapasa, akapitisha ukucha juu ya uso wake, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Akarudia. Akarudia tena, anakwaruza, pumzi inampanda.

"Sawa," alisema.

"Hii?" Muqbil aliuliza.

"Sawa! Sawa, sawa!" Akakwaruza kwa nguvu zaidi.

"Pana uchafu anauona," alisema Nadhira. Alichukua kitambaa akakifuta kile chuma taratibu, chote, mpaka kikang'aa, akamrudishia. Fadhli alikitazama, akamtazama yeye. Machozi yakaanza kumtiririka kuelekea masikioni. Nadhira alimfuta na yeye.

"Usilie. Tutafunga hii. Ndiyo hii, eti?"

Kichwa cha Fadhli kikatikisika. Kwa macho ya wote wawili, alikuwa amekubali.

Muqbil aliifunga ile seti kwa uangalifu ambao hata Fadhli asingeulaumu. Aliosha kila bomba, akabadilisha slivu, akazipanga ringi, kisha akaizungusha injini kwa mkono, sikio limekaribia chuma. Hakusikia kitu. "Inakwenda kama asali," aliwaambia majirani waliokuja kuangalia. Kulikuwa na wakulima waliokwisha kata tamaa, na mmoja alikuwa amechukua mashada yake ya mwisho kuyapeleka sokoni yakiwa yamesinyaa, akarudi nayo.

Walipoiwasha, ilitoa moshi mweusi, kisha wa kijivu, kisha ikatulia. Maji yakaja. Yalitoka kwanza na mchanga, baadaye safi, yakaingia mferejini huku wanawake wakipiga vigelegele. Nadhira alitumbukiza miguu yake kwenye maji yale, viatu na vyote, akacheka kwa sauti. Kisha akakumbuka kwamba Fadhli yuko peke yake, akaenda kumpa habari njema.

Alimsikia kabla hajafika mlangoni.

"Sawa! Sawa! Sawa!"

Alikuwa ameanguka kutoka kitandani. Alikuwa sakafuni, shavu limelalia mkeka, anajivuta kwa mkono mmoja kuelekea mlangoni. Nadhira alimpigia magoti, akamshika kichwa, na katika kumtuliza ndipo alipotulia mwenyewe, akasikia. Chini ya ngurumo ya injini, mbali, kulikuwa na mlio mdogo wa kugonga, mwepesi, tik, tik, tik, kama mtu anayebisha hodi kwa pete.

Safari hii alimwelewa. Alimwacha palepale sakafuni akakimbia.

"Zima!" alipiga kelele akikatiza kati ya mistari ya asumini. "Muqbil, zima!"

Muqbil alikuwa amesimama kando ya ile injini, mgongo amempa, anapeana mikono na watu. Ngurumo ilimeza kila kitu. Jirani mmoja alimwona Nadhira anapunga mikono, akadhani ni furaha, naye akampungia. Nadhira alikuwa amefika mferejini chuma kilipolia. Ulikuwa mlio mmoja mkubwa, wa kupasua, na baada yake bomba lilitema maji mara mbili tatu na kukauka.

Walipofungua, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Juu ya kila pistoni mpya kulikuwa na alama kama mwezi mchanga, mahali valvu zilipogonga. Valvu zenyewe zilikuwa zimepinda, moja imekatika, na kichwa cha injini kimepasuka ubavuni. Muqbil alipitisha kidole juu ya bloku, mwili wa injini zinamokaa pistoni, akasimamisha hapo rula ya chuma, akainama kutazama mwanga chini yake. 

"Ulikatwa," alisema. "Uso wa bloku uliwahi kukatwa kwenye mashine. Fadhli alifupisha bloku, ndiyo maana akazikata na pistoni juu. Ikiwa baridi, pistoni na valvu zinapishana kwa unywele tu. Ikipata moto, chuma kinatanuka, zinakutana." Aliketi juu ya zege. "Mimi ndiye fundi, Mama Ashraf. Mimi ndiye niliyetakiwa kupima hapa."

Nadhira alikuwa anakiona tena kile kitambaa mkononi mwake, anafuta. Mumewe alikuwa akimwambia kata, kata hapa juu, kwa ukucha alionao, na yeye akamfutia vumbi.

Walirudi chumbani pamoja wakamwinua kutoka sakafuni. Muqbil alimuuliza kwa upole, "Uliikata bloku, siyo, ndugu yangu?" Fadhli hakusema hata lile neno moja. Aligeuza uso ukutani.

Pistoni zingeweza kukatwa. Hiyo ilikuwa kazi ya asubuhi moja kwa mchonga vyuma. Kichwa cha injini ndicho kilichokosekana. Basalma aliulizia Aden yote na akatuma watu Taiz. Muqbil alipekua kila kaburi la malori analolijua, kila jioni akirudi mikono mitupu na sauti ya chini zaidi. Ashraf, mtoto wao, alipiga simu kutoka Jedda kusema huenda akakipata huko, ila mpakani haijulikani kitapita lini. Majirani hawakumtupia Nadhira neno baya. Walikuja, wakaketi, wakanywa chai ya maziwa, wakatazama sakafu, na hilo lilimwumiza kuliko matusi.

Maua ya kwanza yalijikunja. Baadaye majani yakaanza kuwa rangi ya karatasi ya zamani.

Siku moja lori la boza la maji lilipita njia kuu, na dereva akamwonea Nadhira huruma akaingia shambani kummwagia yaliyobaki tangini. Alivuta mpira mpaka kwenye asumini, akasimama.

"Hayatoshi shamba lote, mama," alisema. "Nianzie wapi?"

Nadhira alitazama mistari ile mmoja baada ya mwingine. Mingine Fadhli aliipanda mwaka waliooana, mingine mwaka aliozaliwa Ashraf, na mingine hakukumbuka tena ni ya lini.

"Mama? Maji yanamwagika."

Alinyoosha mkono kuelekea mstari uliokuwa karibu, kwa sababu tu ulikuwa karibu, na dereva akauelekeza mpira huko.