Mti wa Juu ya Kabati

Mimi nauza miche. Kitalu changu kipo Izia, pale nyumba zinapoishia na mashamba kuanza. Kwa miaka ishirini na mbili nimeotesha misindano, mikaratusi na miparachichi kwa watu wa kila aina, na mjinga wa miti aliyekamilika nimemwona mmoja tu: jirani yangu Felisian, mkandarasi.

Felisian alikwenda Dar es Salaam kwa mambo yake ya zabuni akarudi na bonsai. Mti mfupi kuliko debe, umepandwa kwenye sahani ya udongo, shina limepindwa kwa waya, matawi yamepunguzwa mpaka ukafanana na mti mzee wa porini uliotazamwa kwa mbali. Akauweka sebuleni juu ya kabati la televisheni, na mtaa mzima tukapitishwa mbele yake kama tunaaga maiti.

Nilitazama majani nikaona ni jamii ya mkuyu. Ndugu zake wamejaa kwenye miamba ya milima ya Mbizi, mbuzi wanajikunia. Nikacheka, wala sikuficha.

"Cheka tu, Mama Jastin," Felisian akasema. "Wewe umezoea miti ya kuni. Huu ni mti wa wasomi."

Wasomi! Mtu anafunga mapazia mchana kutwa ili makochi yasipauke, halafu anafuga mti humo humo gizani.

Haikupita miezi miwili akaniita. Majani yalikuwa ya njano, mengine yamedondoka juu ya televisheni. Nikautoa mti kwenye sahani. Udongo ulinuka kama maji ya mchele yaliyochacha, na mizizi ilikuwa myeusi, ukiigusa inachunika ngozi. Nikapindua sahani. Chini ilikuwa na matundu mawili ya kutolea maji, yote yamezibwa kwa gundi ya marumaru.

"Nani kaziba?"

"Mimi. Maji yalikuwa yanachafua kabati."

"Baba Faith, wewe si unajenga vyoo? Maji yakikosa pa kutokea inakuwaje?"

Nikazibua matundu, nikakata mizizi iliyooza, nikafungua waya uliokuwa umekwisha kula gome. Nikachanganya mchanga wa mtoni, changarawe na udongo kidogo wa msituni, nikaurudisha mti humo na kuuweka kwenye kibaraza chake cha nyuma, mahali penye jua la asubuhi na ukuta wa kuzuia upepo. Nikamfundisha kama mtoto wa chekechea: chomeka kidole; udongo ukiwa mkavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini; ukiwa na unyevu, uache.

Nikawa napita kila Jumanne. Juma la tano nikakuta machipukizi, saba, mekundu, yametoboa kwenye gome kuukuu ambalo ningeapa limekufa. Baada ya hapo nilijikuta napita hata Alhamisi. Nakiri, ule mti niliuonea siku ile nilipoucheka. Ulikuwa na moyo kuliko mwenye nyumba.

Kisha ikaja posa ya Faith, bintiye mkubwa. Wiki nne kabla ya wageni nikakuta kibaraza kitupu. Mti umerudi juu ya kabati.

"Wageni wanakuja kuposa mti au binti?" nikamwuliza.

"Huko nyuma utaonwa na nani?"

"Basi nipe mimi. Siku yenyewe nitauleta asubuhi, jioni nauchukua."

"Ukauuze?" akasema, akanifungulia mlango nitoke.

Siku ya posa nilikuwa na akina mama jikoni, nikaingia sebuleni na sinia la wali. Mti ulikuwa kijani, umejaa, unang'aa. Moyo ulinidunda kwa furaha. Halafu nikasogea. Kila jani lilikuwa sawa na mwenzake, kwa urefu, kwa mishipa, hata kwa mkunjo. Plastiki. Alikuwa ameyabandika kwenye vijiti vikavu.

Mkuu wa msafara upande wa kijana alikuwa Mzee Mboje, mfugaji wa kule Bonde la Rukwa, mtu asiyejua kuogopa sebule ya mtu. Aliutazama mti kwa muda mrefu.

"Huu ni dawa ya nini?"

"Ni bonsai, mzee wangu. Una miaka arobaini."

"Miaka arobaini, na haujafika magotini?" Akanyoosha mkono, jani likabaki vidoleni mwake. Akalinusa. "Mbona lina gundi?"

Mama mmoja wa upande wao alikohoa ndani ya khanga yake. Felisian akacheka kicheko cha kubabaisha, akaninyooshea kidole.

"Nilimkabidhi huyu mama, akaukata mizizi. Watu wa vitalu hawa!"

Nikaweka sinia chini. Nikaushika mti na sahani yake, nikaupindua mbele ya wote. Gundi ilikuwa mpya, nyeupe, matundu yote mawili.

"Baba Faith, nani kaziba?"

Faith alikuwa ameketi mkekani, kichwa kimefunikwa. Akasema bila kuinua uso, "Ni baba. Mimi ndiye niliyemshikia kopo la gundi."

Mzee Mboje akalirudisha jani juu ya kabati, taratibu. "Binti huyu tunamchukua," akasema. "Anasema kweli."

Posa ikapokelewa. Wageni walipoondoka, Felisian aliniambia nikatupe uchafu wangu. Nikauchukua. Nyumbani nikayabandua majani ya plastiki moja moja, nikakwangua gome nikitafuta uhai, nikaupata karibu na mizizi, ukijani mdogo kuliko ukucha. Nikaufunika kwa nailoni, nikauweka kivulini, nikausubiri. Juma la tisa hata pale palikuwa kahawia.

Felisian hanisalimii siku hizi. Anasema mtaani kwamba nilimwaibisha kwenye posa ya mwanawe. Ni kweli. Ninachojutia ni kwamba sikumwaibisha mapema, mti ukiwa bado na majani yake.